Nilipofungua Ngitili ya Baba

Nilizitambua nyasi zile kwa pua kabla ya macho. Mvua nyepesi ilikuwa imepita asubuhi, nami nilikuwa nikitembea kando ya kijito cha Toongabbie, hapa Sydney, Australia, katika ile saa moja ya mazoezi tuliyoruhusiwa wakati wa korona. Kwa kuwa hapakuwa na mtu karibu, nilishusha barakoa. Ikanijia harufu ya nyasi kavu zilizolowa kidogo, harufu iliyo karibu na ya gunia jipya na ya paa la banda la ndama. Nikasimama. Kwenye mteremko wa kijito halmashauri ilikuwa imepanda nyasi za asili za hapa, shina moja moja, kila shina limejikusanyia majani yake kama kichwa kisichochanwa. Majani yalikuwa yamegeuka rangi ya kutu, na masuke ya majira ya joto yaliyopita yalikuwa bado yananing'inia.

Jambo la ajabu ni kwamba nyasi hizo nilizijua kikazi. Baada ya kuchoka na shifti za kuhudumia wazee, nilikuwa nimehamia kwenye kitalu cha mimea, na kwa miaka kadhaa miche yake ilipita mikononi mwangu trei kwa trei. Nilijua namna ya kuipanda kwenye kingo za barabara na kwenye mifereji ya maji ya mvua: usitie mbolea, mwagilia mwaka wa kwanza tu, fyeka mara moja kwa mwaka mbegu zikishadondoka. Msimamizi wetu alikuwa akinitania kwamba wateja wanataka zulia la kijani, nami ninawauzia nywele za mtu aliyetoka kuamka. Lakini kwenye kitalu miche ni michanga na hunuka udongo mbichi. Sikuwahi kuinusa ikiwa imezeeka, imekauka, kisha imenyeshewa. Kwa hiyo nilikuwa nimezipanda miaka yote hiyo bila kujua kwamba ndizo nyasi zilezile zinazoota na kwetu.

Sikutaka kujidanganya. Mtu aliye mbali na kwao huona kwao kila mahali. Nilichukua suke moja, nikaenda nalo nyumbani, nikalilaza juu ya karatasi nyeupe na kuandika kwenye daftari nilichokiona: rangi, urefu, mpangilio wa mbegu, unywele mweusi uliopinda kama goti. Kisha nikafanya jaribio ambalo halikutoka kwenye kitabu. Nililowesha kiganja, nikaweka mbegu moja juu yake, nikasubiri. Unywele ukaanza kujizungusha taratibu, ukiisukuma mbegu kama mtu anayejigeuza kitandani.

Mwanangu Daudi, ambaye Kiswahili anakielewa na kukijibu kwa Kiingereza, alikuwa mezani akisubiri darasa lake lifunguke kwenye kompyuta. Aliniuliza kama ile ni kazi ama nimeanza kuchanganyikiwa kwa kufungiwa.

"Tulikuwa tunacheza hivi," nikamwambia. "Ambaye mbegu yake inasimama kwanza ndiye mshindi."

"Wewe na nani?"

"Mimi na Minza."

"Minza ni nani?"

Daudi alikuwa na miaka kumi na sita na hakuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwangu. Darasa lake likafunguka, akavaa vipokea sauti, na swali likabaki kwangu.

Tuliishi Usukumani, upande wa Shinyanga. Kila kaya yenye ng'ombe ilikuwa na ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza ili nyasi zikue, zizae mbegu, zikauke zikiwa zimesimama, kisha zifunguliwe katikati ya kiangazi wakati mbuga nzima imebaki vumbi. Kwanza huingia ndama, ng'ombe wanaokamuliwa na maksai wa kulima. Wengine hufuata. Hapakuwa na seng'enge. Baba, ambaye jina lake lilikuwa Shija, alipofunga ngitili yake alikwenda kwenye pembe zote nne, akashika kichala cha nyasi ndefu na kukipiga fundo. Mafundo manne tu. Mtu akiliona fundo huwageuza ng'ombe wake, hata kama wanalia njaa.

Baba hakuwa msemaji. "Ukilisha nyasi changa umelisha mizizi," alisema, na hakuongeza kitu. Miaka mingi baadaye, nikijisomea vitabu vya maktaba hapa Sydney, nilikuta kurasa nzima zinazoeleza jambo hilohilo: kwamba nyasi za kudumu huweka nguvu zake chini, kwenye mizizi na kitako cha shina, na zikiliwa mfululizo wakati wa kukua hufa, zikaachia nafasi magugu ya msimu mmoja. Vitabu vilisema pia kwamba katika nchi hii nyasi hizo zilipona zaidi kando ya reli na kwenye makaburi ya zamani, mahali ambapo kondoo hawakufika. Nilipolisoma hilo nilitikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za ndugu.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka saba. Mama alikuwa akikohoa tangu kiangazi. Asubuhi moja mwanzoni mwa mvua Baba alimpakia kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, amejifunga kitenge hadi mdomoni. Nilipomkimbilia alinyoosha kiganja kunizuia nisimkaribie. Wakapita kwenye pembe ya ngitili wakishuka kuelekea barabara kuu, nami nikabaki nimenuna. Baba alirudi peke yake siku ya pili, na kabla ya kunywa maji akaenda kufunga mafundo.

Nilimuuliza Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa akipepeta mtama. "Mama atarudi lini?"

"Wakati wa kufungua ngitili atakuwa amerudi."

"Kwa nini?"

"Sogea, unaniletea kuku kwenye mtama."

Watu wazima kwetu hawakutaja miezi. Walihesabu kwa kufunga na kufungua, kwa kupanda na kuvuna, na Bibi alikuwa amenipa tarehe kama alivyoijua yeye. Mimi sikusikia tarehe. Nilikuwa na ushahidi wangu. Mama alipita, kisha Baba akafunga nyuma yake. Tangu siku hiyo kila aliyefika kwenye fundo aligeuka, watu kwa ng'ombe, hata fahali wa jirani asiyesikia fimbo. Basi na Mama alikuwa akifika upande wa pili, analiona fundo, anageuka. Ili kuhakikisha, nilikwenda mwenyewe kusimama mbele ya fundo la pembe ya barabara na kujaribu kulivuka. Miguu ilikataa. Kwangu huo ulikuwa uthibitisho tosha.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Masanja, baba yake Minza. Minza na mimi tulizaliwa msimu mmoja wa mvua, na Bibi alikuwa akitutoa funza miguuni kwa sindano moja, mguu wangu, mguu wake, bila kuuliza ni wa nani. Ngitili ya Masanja ilikuwa ndogo na ardhi yake ilikuwa imeliwa na makorongo. Mvua zilipokatika katikati ya msimu, kama zinavyokatika mara nyingi, ng'ombe wake walianza kutoka mifupa.

Ni katika siku hizo nilipoamka alfajiri, umande ukiwa bado mzito. Baba alikuwa amekwenda kumwona Mama, safari ya siku tatu. Nilizunguka pembe zote nne na kufungua mafundo, moja baada ya jingine, nikayanyoosha majani kwa vidole ili yasimame vizuri. Sikumwambia mtu, hata Minza. Kisha nikakaa kwenye kichuguu kilicho karibu na barabara kumsubiri Mama. Nilikaa mpaka Bibi akanifuata na kijiti.

Mama hakuja. Waliokuja ni ng'ombe wa Masanja, na Baba aliporudi walikuwa wamekula na kukanyaga zaidi ya nusu.

Wazee walikutana uani kwetu. Mimi nilikuwa nyuma ya ghala, mahali pa kusikia kila kitu.

"Masanja, umelisha ngitili ya mwenzako?"

"Nimelisha. Mafundo yalikuwa wazi."

"Nani anayefungua ngitili wakati wa mvua?"

"Nimesema nilivyoona. Yalikuwa wazi."

"Labda amepita pundamilia mwenye vidole," mmoja akasema, na watu wakacheka. Masanja hakucheka. Baba alitazama chini muda wote. Nadhani alikuwa amechoka, na jambo la nyasi lilikuwa dogo kuliko lile alilotoka kuliona hospitali, lakini hilo nalijua leo. Siku ile niliona hasira.

Nilikuwa na mdomo na nilikuwa na maneno. Sikusema. Nilipiga hesabu kwamba wakijua ni mimi, Baba atafunga kwa namna ambayo sitaweza kufungua tena, na Mama atabaki upande wa pili maisha yake yote.

Hawakumtoza ng'ombe, maana ng'ombe wenyewe walikuwa ngozi tupu. Walimtenga. Mpaka ngitili zifunguliwe, mtu yeyote asisalimiane na nyumba ya Masanja, asichote maji pamoja nao, asiwaazime jembe, asiwape moto. Baba alikwenda kuyafunga mafundo upya mbele ya watu wote.

Mvua ziliporudi zilirudi kwa fujo, na moto wa akina Minza ukazimika. Viberiti vilikuwa vya mjini, sisi tuliombana moto. Minza alikuja jikoni kwetu na kigae cha kubebea makaa mkononi, kama alivyokuwa akija siku zote.

"Bibi, shikamoo. Mama ameomba moto."

Bibi aliendelea kukoroga.

"Bibi, moto wetu umezimika."

Bibi akanigeukia mimi na kuanza kuniongelesha habari za chumvi, kwamba imebaki kidogo, kwamba nisiimwage. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Minza alinitazama. Mimi nilitazama chungu. Alisimama kwa muda ambao hata leo siwezi kuupima, kisha akageuka na kwenda zake kwenye mvua, kigae amekibana kifuani ingawa hakikuwa na kitu cha kulinda.

Kiangazi kilifika. Ngitili zilifunguliwa, yetu ikiwa na nyasi kidogo. Tulipoteza ndama wawili na maksai mmoja. Siku ya nne baada ya kufungua, Mama aliingia uani kwa miguu yake, amekonda, amevaa viatu vya raba ambavyo hatukuvijua. Kwa akili yangu jaribio lilikuwa limefaulu: mafundo yamefunguliwa, Mama amepita. Niliamini hivyo kwa miaka mingi, bila kubishana na mtu kwa kuwa sikumwambia mtu. Na watu walipokwenda kwa Masanja kumsalimu, maana kutengwa kulikuwa kumekwisha, walikuta boma tupu. Alikuwa ameswaga ng'ombe wake na kuhamisha nyumba yake upande wa Tabora.

Nilikuwa nimekaribia miaka ishirini Mama aliponieleza, tukichambua mchicha, kwamba ule ulikuwa ugonjwa wa kifua kikuu. Alinieleza sindano za kila siku, wodi ya peke yake, na watu waliokataa kunywa maji kwetu. Kile kiganja alichoninyooshea kilikuwa kunilinda. Bibi alikuwa amehesabu miezi ya matibabu tu. Nilimsikiliza Mama mpaka mwisho na sikumwambia nilichofanya. Hofu niliyoibeba kwa ajili yake iliondoka mchana ule, na mahali pake pakabaki Minza na kigae. Nilipafunika. Nikasoma kidogo, nikaolewa, nikahama nchi.

Sasa ilikuwa imefika zamu yangu ya kukaa ndani. Ibada ilikuwa kwenye simu. Rafiki yangu Mrundi wa mtaa wa pili, aliyekuwa na kibali cha kutoka kwa sababu ya kazi ya uuguzi, alikuwa akininunulia unga wa ugali kwenye maduka ya Merrylands, anauacha mlangoni, anarudi kwenye gari, ananipungia mkono kupitia kioo. Nilikuwa nikimshukuru kwa kupaza sauti. Katika siku hizo nilianza kumfikiria Masanja, na nilijitahidi nisivichanganye vitu viwili. Sisi tulifungiwa wote kwa pamoja, tukiijua sababu, na mtu akikukwepa njiani alikuwa akikulinda. Yeye alifungiwa peke yake katikati ya watu waliokuwa wakitembeleana. Hata hivyo, ilipofika wiki ya saba sijagusana mkono na mtu yeyote isipokuwa mwanangu, nilijua kwamba siwezi tena kusema sikuelewa nilichomtendea.

Nilimwomba kaka yangu aulize. Akauliza kwa watu wa mnadani, nao wakauliza kwa wengine, na baada ya majuma matatu akanitumia namba ya Minza. Masanja alikuwa hai, akiishi kwa binti yake huyo.

Niliandika kwenye karatasi nitakachosema, mistari minne, nikapiga saa kumi alasiri, ambayo kwao ni asubuhi.

"Nani?"

"Mimi ni binti wa Shija."

"Shija yupi?"

"Wa ngitili."

Nikasikia kuku upande wake. Nikamuuliza kama Mzee anaweza kuongea.

"Anaota jua. Sikio moja limekufa, na kila siku anachagua lipi. Subiri nifungue spika."

"Mwangaluka," ikasema sauti ya kizee, salamu yetu ya asubuhi, nami nikaiitikia. Nikasoma mistari yangu minne. Kwamba mafundo niliyafungua mimi. Kwamba niliwasikia wazee wakimhukumu na nikanyamaza. Kwamba sababu yangu ilikuwa ya kitoto. Kwamba naomba radhi.

"Najua ni wewe," Masanja akasema.

"Ulijuaje, Baba?"

"Kulikuwa na umande. Nyayo ndogo zilizunguka pembe zote nne, na kidole cha mwisho kimejitenga na wenzake, kama cha baba yako."

"Mbona hukuwaambia wazee?"

"Ningewaambia, wangeitenga nyumba ya Shija. Baba hujibu kosa la mtoto wake. Mama yako alikuwa hospitali, na watu tayari walikuwa hawanywi maji kwenu. Nani angewapa moto?" Akakohoa kidogo. "Lakini usinifanye malaika, mwanangu. Niliziona nyayo, nikajua mwenye ngitili hajafungua, na bado nikaingiza ng'ombe. Walikuwa wanalamba udongo. Wazee walinihukumu sawa. Nilihama kwa sababu ya malisho, na usingizi nilipata. Wewe hukuwa unalala?"

"Nilikuwa nalala kidogo."

"Miaka yote hii? Pole sana."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, kwa kulaaniwa, hata kwa kukatiwa simu. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nilishukuru, nikashukuru tena, na nikahisi mwili umekuwa mwepesi. Nilidhani kazi imekwisha. Kisha spika ikazimwa, nikasikia hatua na mlango.

"Umemaliza na Baba?" Minza akauliza.

"Ndiyo."

"Haya. Sasa na mimi."

Nilikunja karatasi. Haikuwa na mstari wa Minza.

"Baba alijua anachokibeba," akasema. "Hakutuambia. Mimi nilidhani nyumba yetu inanuka. Siku ile nilijinusa mikono njia nzima. Nilipofika nikamnusa Mama. Nikiwa mtu mzima na watoto wangu, nikienda kwa watu nasimama mlangoni kwanza nione kama wataniitikia. Na wewe ulikuwa pale jikoni."

"Nilikuwa pale."

"Ungesema hata jina langu tu."

"Ningesema."

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa na miaka saba. Sikumwambia, kwa kuwa na yeye alikuwa na miaka saba.

Kisha akauliza, "Wanasema huko mmefungiwa."

"Ndiyo. Tunatoka saa moja kwa siku."

"Mnapewa moto?"

"Umeme upo," nikasema, na nikamsikia akicheka kwa pua, kicheko kifupi ambacho hakikuwa na utani mwingi ndani yake.

"Na watu?"

"Hawaji."

"Hm." Kuku walilia tena, akawafukuza. "Leo sina la kukuambia. Nipigie kesho. Nisipopokea, piga tena."

Kesho yake saa kumi nilipiga. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena.